Gari la Pekee na Pacha Wake Getini

Tulipoachana Ijumaa iliyopita, mkono wa Hajar ulikuwa juu ya komeo la geti, na nje injini ilikuwa inanguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa habari mbaya.

Hajar akafungua.

Gari likaingia uani taratibu. Rangi ya embe bivu. Mistari miwili myeusi juu ya boneti. Milango miwili, taa nne za mbele. Likaenda likasimama ubavuni mwa gari la Ami Thabit, ambalo nalo lilikuwa na rangi ya embe bivu, mistari miwili myeusi, milango miwili na taa nne za mbele.

"La ilaha illallah," alisema Ami Thabit, akashika ukuta.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwisha kufungiwa samaki, basi jua haya tu. Ami Thabit ni mzaliwa wa Unguja, mstaafu wa wizara, mkaazi wa Hail, Muscat. Analo gari la Kimarekani la mwaka wa sabini, Brigadia, injini ya silinda nane, linalokunywa petroli kama ngamia aliyevuka jangwa. Na juzi Jumatano, mbele ya wazee kumi na wawili waliokuwa wakinywa kahawa, alikula yamini ya talaka. Alisema: "Gari langu mimi Thabit, likionekana jingine Oman nzima lenye vikorombwezo vile vile vya kiwandani, basi mke wangu Mahbuba kaachika!"

Mke wa miaka arubaini na moja.

Tangu siku ile Ami analala majlisi, chumba cha wageni, kwa tahadhari.

Na Hajar alijua fika kwamba kosa lilianzia kwake. Yeye ni mtu wa takwimu serikalini, na Bi Mahbuba ni khaloo yake, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Siku mbili kabla ya yamini, Ami alimjia na karatasi. Mwaka ule, alisema, kiwanda kilitoa Brigadia elfu sita. Katika kila mia, kumi na moja zilikuwa na gia ya mkono. Katika kila mia, nne zilikuwa na kiyoyozi. Rangi ya embe, mbili tu. Akazidisha hili kwa lile mpaka vikorombwezo kumi na saba vikaisha, na jawabu likatoka: sehemu tatu katika mia ya gari moja.

"Maana yake," Ami alisema siku ile, macho yanamng'aa, "hata hili langu halikutakiwa liwepo!"

Hajar alikuwa ametoka kazini, ana njaa, kichwa kinamgonga. Akaitazama karatasi. "Hesabu ni sahihi, Ami," akasema, akaenda kula.

Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kila kitu kingine hakikuwa sahihi.

Sasa mlango wa gari la pili ukafunguka, akateremka bwana mnene mwenye ndevu zilizochongwa kwa adabu.

"Assalaam alaykum. Mimi naitwa Hamoud, natokea Ansab. Nimesikia kuna mzee hapa Hail ana gari la pekee. Nikasema nije nilione, maana na mimi ninalo."

Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha Tabora alikofanya biashara babu yake. Ami Thabit akamgeukia Hajar. "Mtu wa bara," alinong'ona, kana kwamba hilo limeeleza kila kitu.

Bi Mahbuba akatokeza mlango wa jikoni, mtandio begani.

"Mgeni kapewa kahawa?"

"Khaloo, huu si wakati wa kahawa!"

"Kwani anayeachwa ni mgeni?" alisema Bi Mahbuba. Akaleta birika na vikombe mwenyewe, kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa kivulini na mkoba wake mapajani kama mtu aliyekata tiketi ya mchezo.

Hajar akaitoa ile karatasi.

"Sikilizeni. Ami alisema vikorombwezo vile vile. Maana yake vyote kumi na saba. Kimoja tu kikitafautiana, Khaloo yuko nyumbani kwake na Bwana Hamoud anakwenda zake salama."

"Na vikilingana vyote?" aliuliza Hamoud.

Hajar akafungua kalamu yake.

Wakaanza. Gia ya mkono: huku ipo, kule ipo. Kiyoyozi: huku kipo, kule kipo, na vyote viwili vilikuwa vibovu. Kiti cha mbele kimoja kirefu badala ya viwili: sawa. Saa ya dashibodi: sawa, na zote zimesimama, moja saa nne, moja saa kumi.

"Saa zinatafautiana!" alipiga kelele Ami.

"Ami, hiyo si tafauti ya kiwandani."

"Nani kasema? Huenda waliitoa imesimama!"

Wakaendelea. Walipofika cha kumi, hakuna hata kimoja kilichotafautiana. Kanzu ya Ami, dishdasha, ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho. Walipofika redio, akaruka.

"Redio! Langu halina redio! Aliyeliagiza alikataa redio, kiwandani wakaziba kwa kibao cha chuma. Na lako, Bwana Hamoud, lina redio! Hajar, andika! Andika, mwanangu!"

Moyo wa Hajar ukapaa. Akaandika.

"Usiandike," alisema Hamoud kwa upole. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaivuta redio ikatoka yote mkononi mwake na nyaya zake. Tundu lilikuwa na meno meno. "Hii niliitia mwenyewe, Ruwi, mwaka themanini na nane. Nilikata kwa msumeno. Kibao cha chuma ninacho nyumbani, naweka kikombe cha chai juu yake."

Hajar akafuta.

Likaja la difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Hapa, msomaji, mambo ni rahisi ingawa yanachafua nguo. Unayainua matairi ya nyuma kwa jeki, unayazungusha mzunguko mmoja, na mtu aliyelala chini anahesabu propela, mhimili unaotoka kwenye gia, imezunguka mara ngapi. Ami Thabit, miaka sabini na moja, akavua kofia, akajilaza kwenye kadibodi, akaingia chini ya gari lake.

"Zungusha! Moja... mbili... tatu... tatu na robo tatu, kasoro kidogo!"

Akatoka, akaingia chini ya la Hamoud. Hajar akazungusha tairi pole pole, anasoma dua moyoni.

"Moja... mbili... tatu... tatu na nusu! Tatu na nusu! Alhamdulillah! Si sawa!"

Hajar alitaka kuruka. Lakini tairi lilikuwa limekwama mkononi mwake, halijamaliza mzunguko.

"Thabit," sauti ya Bi Mahbuba ilitoka kivulini, haina haraka. "Ondoa mkono kwenye propela."

Kisha tairi likaachiwa, likamaliza safari yake.

"Tatu na robo tatu, kasoro kidogo," alisema Ami kutoka chini ya gari, kwa sauti ndogo.

"Khaloo!" Hajar karibu alie. "Ungemwachia tu!"

"Mie nibaki mke wa mtu kwa hila ya propela?" Bi Mahbuba akamimina kahawa nyingine. "Hesabuni kweli."

Vilibaki viwili. Cha kumi na sita, redieta kubwa, kilikuwa sawa, hakikuwachukua hata dakika. Kikabaki cha kumi na saba, na hapo Ami Thabit akasimama wima, akapangusa magoti, na tabasamu likamrudia kama taa iliyorudi baada ya umeme kukatika.

"Tazameni hapa." Akavuta waya mweusi wenye plagi kutoka chini ya bampa la mbele. "Hita ya injini! Huko kwenye theluji mtu huichomeka ukutani, injini isigande. Nani Ghuba nzima, Bwana Hamoud, nakuuliza wewe, mtu gani mwenye akili timamu angeagiza gari lije kwenye joto hili likiwa na hita ya injini? Mmoja tu! Yule wa gari langu!"

Hamoud akainama. Akatafuta chini ya bampa lake. Akavuta waya mweusi wenye plagi.

"Hii?" aliuliza. "Mimi siku zote nilidhani ya kuchajia. Mwanangu aliniambia labda ni gari la umeme."

Kumi na saba kwa kumi na saba.

Ami Thabit akakaa chini, pale pale, juu ya kadibodi yenye mafuta. Mtu mzima, dishdasha nyeupe, akakaa kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Haiwezekani," alisema. "Sehemu tatu katika mia. Hajar, wewe uliniambia hesabu ni sahihi."

"Ami, nisamehe." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka. "Kuzidisha kulikuwa sahihi. Lakini ulizidisha kana kwamba vikorombwezo havijuani, na vinajuana! Anayetaka injini kubwa anataka na redieta kubwa. Ni kama karamuni. Anayechukua biriani huchukua na kachumbari. Huwezi kuhesabu waliokula biriani, ukahesabu waliokula kachumbari, ukazidisha, kisha ukasema mtu aliyekula vyote viwili hajazaliwa! Nilijua. Nilikuwa na njaa, nikanyamaza."

"Basi na hita? Hita inajuana na nani?"

Hamoud akakohoa. "Hilo naweza kulieleza mimi."

Wote wakamtazama.

"Marehemu baba alilinunua hili kwa tajiri mmoja Kuwait. Yule tajiri alikuwa na wake wawili, na aliogopa sana kutofanya uadilifu. Akanunua kitambaa, ni viwili. Akanunua jokofu, ni mawili. Siku alipoletewa fomu ya kuagiza gari, Kiingereza hajui. Akatia alama kila kisanduku. Kwenye redio pameandikwa 'bila redio', akatia alama. Kwenye hita, akatia alama. Akamaliza, akachukua fomu ya pili, akaijaza vile vile, mke mwenza asije akasema."

Hajar alifunga macho. Magari elfu sita, vikorombwezo kumi na saba, asilimia zote zile, na mtu mmoja mwenye wake wawili alikuwa amezivuruga zote kwa kalamu.

"Mimi langu nilinunua kwa mwanamke wa Kikuwaiti," alisema Ami polepole. "Aliyeachwa."

Neno hilo likaanguka katikati ya ua.

Ami akamgeukia mkewe. "Mahbuba. Ulimi wangu ndio ulioniponza. Wallahi sikukusudia wewe. Nilikuwa nnawakomoa wale wazee."

"Najua uliyekuwa ukimkomoa."

"Sasa ntafanya nini mie? Miaka arubaini na moja!"

Bi Mahbuba akafungua mkoba, akatoa kadi ndogo ya plastiki, akamnyooshea.

"Soma."

Ilikuwa mulkiya ya gari, kadi ya umiliki. Ami akaishika karibu na pua, miwani yake iko ndani. "Brigadia, mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Silinda nane. Rangi..."

"Jina la mwenyewe, Thabit."

Ami akasoma. Akasoma tena. Akaisogeza mbali, akasoma mara ya tatu.

"Mahbuba bint Suleiman," alisema.

"Mahari yangu. Mwaka wa themanini na nne hukuwa na kitu duniani ila gari hili, ukaliandika mahari. Baba alicheka mpaka akakubali. Kila mwaka unakwenda mwenyewe kulifanyia mulkiya, jina hujawahi kulisoma?"

"Nnasoma tarehe tu!" alisema Ami. "Tarehe ya kwisha!"

"Mtu anajua mpaka propela inazunguka mara ngapi!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Bi Mahbuba ilipanda. Kisha akaishusha. "Uliapa kwa 'gari langu mimi Thabit'. Wewe huna gari. Shekhe nimempelekea kadi hiyo jana, kaisoma, kaniuliza mara mbili ulisemaje. Kasema yamini yako haikupata pa kukaa. Mimi sikuachika."

Hajar alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa majirani madirishani. Hamoud mwenyewe alicheka, akampa Ami mkono kumwinua. Ami Thabit alikuwa analia waziwazi. Akaenda mbio, mikono mbele, ambusu mkewe kipaji cha uso.

Bi Mahbuba akamzuia kwa kidole kimoja kifuani.

"Bado," alisema. "Gari nimeliuza."

Ami akasimama.

"Leo asubuhi, kwa simu. Dakika tano tu, siku hizi wamerahisisha. Hiyo kadi ni ya zamani, unaweza kukaa nayo ukasoma tarehe." Macho yake hayakumtoka mumewe. "Uliniweka mie dau kwa ajili ya gari. Nikataka nijue, tukiondoka sote wawili, utamlilia nani mwanzo."

Jibu lilikuwa rahisi, na Hajar alimwomba Mungu Ami alione. Lakini Ami Thabit alitazama gari. Nusu sekunde tu. Kisha akafungua mdomo na kuuliza swali baya kuliko yote ambayo mume angeweza kuuliza saa ile.

"Umemuuzia nani?"

"Haya," alisema Bi Mahbuba. "Nimepata jawabu langu."

"Mahbuba, sikukusudia..."

"Hukusudii kitu, wewe. Husema tu."

Hajar hakuwa akiwatazama tena. Alikuwa akimtazama Hamoud, ambaye ghafla alikuwa amependezwa mno na mashapo ya kahawa katika kikombe chake.

"Bwana Hamoud?"

"Nimenunua kihalali," alisema Hamoud.

"Kaniambia anataka yawe pamoja tena," alisema Bi Mahbuba. "Kama zamani kwa yule tajiri. Nikaona ni jambo zuri."

"Nilisema yatakuwa pamoja," alisema Hamoud. "Sikusema kwa muda gani."

Honi ikalia nje. Si honi ya gari dogo. Geti likasukumwa, na lori refu lenye winchi likaanza kuingia kinyumenyume, linapiga mlio wake wa tii, tii, tii. Ubavuni limeandikwa kwa Kiarabu, herufi kubwa nyekundu: TUNANUNUA VYUMA CHAKAVU.

Ami Thabit ndiye aliyeelewa mwanzo. Uso ukamgeuka rangi.

"Anataka kulisaga!"

"Mzee wangu," alisema Hamoud, na wala hakuwa na ubaya sauti yake, alisema kama mtu anayeshukuru. "Mimi nimekaa na gari hili miaka thelathini na saba nikijua liko la pili mahali fulani. Silali vizuri. Wewe umezidisha weee, mpaka ukapata sehemu za gari. Mimi nimeona njia fupi. Yako mawili. Likienda moja, linabaki moja. Hakuna kuzidisha, ni kutoa tu."

"Hukuniambia hivyo!" Bi Mahbuba alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Hukuniuliza, mama."

"Basi nalirudisha! Chukua kilicho chako!"

"Mama, lishakuwa jina langu. Dakika tano tu, umesema mwenyewe."

Dereva akateremka. Kijana mrefu mwenye kofia ya chuma, shati limeandikwa Wekesa kifuani. Alitokea Bungoma, na kwa miaka miwili Muscat alikuwa amezoea kuambiwa mambo kwa ishara za mikono. Alipowasikia wote wanagombana kwa Kiswahili, akabaki mdomo wazi.

"Haki ya nani, kumbe mnaongea Kiswahili!" Akafurahi, kisha akakumbuka kazi. Akakunjua karatasi. "Mudiri, bosi wangu, amenituma nibebe gari moja. Moja, hapa Hail. Rangi ya embe, modeli ya sabini, milango miwili, mistari miwili myeusi." Akainua macho. Akatazama gari la kushoto, lililoinuliwa kwa jeki. Akatazama la kulia, lililoinuliwa kwa jeki. Akatazama karatasi. "Sasa, wazee. Ni gani?"

"Lile," alisema Hamoud, akaonyesha la Ami Thabit.

"Lile!" alisema Ami Thabit papo hapo, akaonyesha la Hamoud.

Wekesa akakuna shingo. "Namba hawajaniandikia. Mwenye gari ni nani kati yenu?"

"Mimi," alisema Hamoud. "Yote mawili ni yangu."

"Muongo huyu, mgeni, kaja kunywa kahawa tu," alisema Bi Mahbuba. Akatembea mpaka alipo mumewe, akasimama bega kwa bega naye, hakumtazama, akanyoosha kidole kule kule alikokuwa akionyesha yeye. "Lile. Lichukue, mwanangu, limetuchosha."

"Mama! Wewe ni mtu mzima!"

"Lile," alirudia Bi Mahbuba.

Ndoano ya winchi ilikuwa inaning'inia katikati ya magari mawili, inayumba kidogo huku, kidogo kule. Wekesa akawatazama watatu hao, vidole vitatu vinapishana hewani, na akaamua kwamba hakuna hata mmoja wa kumwamini. Macho yakamfikia Hajar, amesimama peke yake na karatasi na kalamu.

"Madam, samahani. Wewe ndiye mwenye karatasi. Wewe ni serikali?"

"Ndiyo," alisema Hajar. Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

"Hajar, mwanangu," alinong'ona Ami Thabit.

"Binti, sema haki," alisema Hamoud. "Wewe ni mtu wa hesabu."

Bi Mahbuba hakushusha kidole.

"Basi wewe nitakusikiliza," alisema Wekesa, akarudi kwenye lori, akashika wenzo wa winchi. "Onyesha moja tu, niinue. Nikishainua sirudishi."

Mnyororo ukaanza kushuka. Hajar akavuta pumzi, akainua kidole. Kilielekea wapi, tutajua Ijumaa ijayo.